Kabla hamjanunua programu ya GPS: jibu kwa meneja wa klabu ya gofu

Swali: "Nimeshika umeneja wa klabu ya gofu ya mashimo 18 viungani mwa Nairobi mwaka huu. Siku za Jumamosi kundi la wanne hutumia zaidi ya saa tano na nusu kumaliza raundi, na makundi ya mchana hurudi gizani. Tunaanzisha kundi kila baada ya dakika 8, kuanzia saa 12:30 asubuhi. Shimo la 3, ambalo ni par 3, watu hukaa kwenye benchi wakisubiri. Kampuni moja inatuuzia programu ya kufuatilia makundi kwa GPS na inasema itamaliza tatizo. Kamati imegawanyika. Je, tununue? Na tukinunua, kifaa akae nacho nani, na wazee wa klabu tuwaambie nini?" – Meneja, Kiambu

Jibu:

Bi Meneja, umetaja dakika 8 kama jambo la kupita tu, na ndizo zilizonifanya nichukue kalamu na karatasi kabla ya kufikiria programu yoyote. Tuanzie hapo. Msipoligusa hilo, programu mtakayonunua itawaonyesha foleni hiyo hiyo mliyo nayo, kwa rangi nzuri zaidi, na mtakuwa mnailipia kila mwezi.

Par 3, yaani shimo fupi linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu, si kama mashimo mengine. Kwenye par 4 makundi mawili yanaweza kucheza kwa wakati mmoja: moja likiwa kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo na bendera, lingine linapiga kutoka tii, pale shimo linapoanzia, bila kumhatarisha mtu. Par 5 hubeba hata matatu. Par 3 hubeba kundi moja, basi. Hadi mtu wa mwisho atoke kwenye grini, walioko kwenye tii hawana la kufanya isipokuwa kupiga soga. Ndiyo maana benchi lenu limejaa pale shimo la 3 na si la 2.

Nenda Jumamosi na saa yako ya mkononi, usimame pembeni pale. Kwa wachezaji wa kawaida wanaotembea na makedi, wale wabeba mifuko ya fimbo, utaona kitu kinachokaribia hiki: wanne kupiga kutoka tii, dakika 3, kutembea hadi kwenye grini, dakika 2, kuokoa mipira iliyokosa grini, kusoma mteremko, kuputi (kuusukuma mpira shimoni), kurudisha bendera na kuondoka, dakika 5. Jumla ni 10. Huenda kwenu ikawa 9 au 11, lakini sijaona kundi la wanne la Jumamosi linalotumia 8.

Sasa piga hesabu. Mnaingiza kundi kila dakika 8, shimo la 3 linatoa kundi kila dakika 10. Kundi la pili linasubiri dakika 2, la tatu 4, la kumi 18. Kundi la 20 linasubiri dakika 38. Kundi la 46, ambalo mmeliruhusu kuanza saa 6:30 mchana, linapoteza dakika 90 kwa kusubiri tu. Kama raundi isiyo na foleni kwenu ni saa nne na nusu, hao watacheza kwa saa sita kamili, na watamaliza saa 12:30 jioni, jua likizama. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza polepole. Ukimtuma mashali, msimamizi wa mwendo uwanjani, akawahimize, atagombana na watu wasio na hatia.

Linganisha na Jumamosi ambayo kundi linaanza kila dakika 10. Kundi la 46 sasa linaanza saa 8:00 mchana. Halikuti foleni, linacheza saa nne na nusu, linamaliza saa 12:30 jioni. Dakika ile ile! Wachezaji ni 184 katika hali zote mbili, na giza ni lile lile. Tofauti pekee ni kwamba katika mpango wa dakika 8 wameketi saa moja na nusu uwanjani, na katika mpango wa dakika 10 wameketi saa moja na nusu nyumbani, au kwenye baa ya klabu wakinunua chakula cha mchana. Kinu cha posho hakisagi haraka zaidi kwa sababu umemwaga magunia mawili ya mahindi kwa pamoja.

Mpe mweka hazina ukurasa huu, kwa sababu najua yeye ndiye atakayepinga. Atasema ukiongeza nafasi kati ya makundi unapunguza mapato ya Jumamosi. Hupunguzi. Makundi yanayopita shimo la 3 kabla ya giza yamekwisha kuwekewa kikomo na shimo lenyewe, na stata, yule anayeanzisha makundi, hawezi kukipandisha kwa kuita majina haraka. Mkianzisha makundi 50 kwa dakika 8, manne ya mwisho hayatamaliza, na hao ndio watakaoandika barua ya malalamiko.

Wazo hili si langu. Marekani kuna Lucius Riccio, mtu aliyewahi kuwa kamishna wa usafiri wa jiji la New York kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Amechambua uwanja wa gofu kwa hesabu zile zile zinazotumika kwa foleni za magari na mistari ya viwandani. Wataalamu wa uendeshaji wa viwanda wanalijua jambo hili vizuri: kasi ya mstari mzima ni kasi ya kituo chake cha polepole kuliko vyote. Wacheza gofu ndio wanaochukua muda kuliamini, kwa sababu kila mmoja wetu ana uhakika kwamba tatizo ni wale walioko mbele yake.

Kuna njia ya kulipanua shimo la 3 bila kumwaga hata toroli moja la udongo. Kundi likifika kwenye grini, lisimame pembeni, liweke alama mipira iliyo kwenye grini, na lipungie mkono kundi la nyuma lipige kutoka tii. Kisha la mbele linaputi wakati la nyuma linatembea. Zile dakika 2 za kutembea zinaingia ndani ya dakika 5 za grini, na mzunguko unashuka kutoka 10 hadi 8. Kwenye karatasi. Uwanjani utapata 9, kwa sababu kuna kundi litakalosahau na kuna mchezaji atakayekataa kusimama akiwa na mpira uliokaa futi mbili kutoka kwenye shimo. Weka kibao kwenye tii ya 3, waelekeze makedi, na panga orodha ya kuanza kwa dakika 9 au 10. Kila baada ya saa moja na nusu acha nafasi moja tupu. Mpira utapotea, mtu atachelewa kutoka maegesho, mvua itanyesha dakika kumi. Nafasi ile tupu ndiyo itakayomeza hayo yote.

Hapo sasa tunaweza kuzungumzia programu, na ninaipenda kuliko unavyoweza kudhani baada ya aya zote hizo.

Mfumo wa aina hii, na mmojawapo unaojulikana ni Tagmarshal, kampuni iliyoanzia Afrika Kusini, unafanya kazi kwa kifaa kidogo cha GPS kilichofungwa kwenye mfuko wa fimbo au kwenye kigari. Uwanja umechorwa ndani ya programu shimo kwa shimo, kwa mipaka isiyoonekana. Kifaa kikivuka mpaka wa tii, saa ya shimo hilo inaanza. Kikitoka kwenye grini, inasimama. Programu inalinganisha na muda mliouweka wa kila shimo, kisha inalipaka kundi rangi: kijani, njano, nyekundu. Stata na mashali wanaona yote hayo kwenye simu au tableti.

Watu wengi hutazama rangi na kuishia hapo. Nikupe mfano wa kusoma skrini. Jumamosi, mnaanzisha kila dakika 10. Kundi la saa 2:00 limechelewa dakika 1, kijani. La saa 2:10 limechelewa dakika 14, jekundu. La saa 2:20 limechelewa dakika 13, jekundu. La saa 2:30, dakika 13, jekundu. Mashali asiyefundishwa ataona makundi matatu mekundu na kuanza na lililo karibu naye, ambalo ni la mwisho. Sasa acha rangi, tazama pengo kati ya kundi na kundi. La 2:30 liko dakika 10 nyuma ya la 2:20. La 2:20 liko dakika 9 nyuma ya la 2:10. Hawa wamekaa mahali pao, hata mmoja amesogea karibu zaidi kuliko alivyoanza. Lakini la 2:10 liko dakika 23 nyuma ya la 2:00. Mbele yake kuna shimo zima lililo wazi. Ni kundi hilo moja tu linalohitaji kutembelewa, na ukilisogeza, yale mawili mekundu ya nyuma yatapona yenyewe.

Hiyo ndiyo thamani halisi ya programu: inatenganisha anayechelewesha na anayecheleweshwa. Binadamu aliyesimama kwenye shimo la 12 hawezi kuyaona hayo, awe na uzoefu gani. Anachoona ni watu wanne waliosimama.

Sura ya pili ya kuangalia ni ile ambayo makundi yote, wepesi kwa wazito, yanapoteza dakika zile zile mahali pale pale. Mapengo ni sawa, lakini kila mtu anatoka shimo la 7, kwa mfano, akiwa amechelewa dakika 4. Hapo usimtafute mchezaji, mtafute mtunza uwanja. Huenda mpira wa kwanza unapigwa kwa kuvuka kilima na hakuna anayeona unapoangukia. Huenda nyasi za pembeni zimeachwa zikafika vifundoni kwa sababu trekta iliharibika. Huenda bendera imewekwa kwenye mteremko ambapo kila mtu anaputi mara tatu. Tangu Januari 1, 2019 sheria zinampa mchezaji dakika 3 za kutafuta mpira badala ya 5 za zamani, lakini wanne wakipoteza mipira miwili kwenye shimo moja, tayari dakika 6 zimekwenda. Kwenu mna jambo ambalo viwanja vya vigari vya Florida havina: makedi. Mweke kedi mmoja wa ziada juu ya kilima siku ya Jumamosi, kazi yake kuona mpira unapotua na kuuwekea kibendera. Gharama ya siku yake ni ndogo sana ukilinganisha na dakika 4 kwa kila kundi.

Sura ya tatu inawauma mastata. Programu inarekodi saa halisi ya kuanza. Utashangaa ni mara ngapi kundi la saa 1:40 linaondoka saa 1:46 kwa sababu mmoja alikuwa bado anafunga viatu, na la 1:50 likaondoka saa 1:51 likiwa limelibana kisogoni. Pengo la dakika 5 limetengenezwa na klabu yenyewe kabla mtu hajapiga mpira wa pili.

Sasa tahadhari kuhusu muda wa kila shimo. Mfumo utafika na muda wa kawaida ulioandaliwa tayari, na mara nyingi muda huo umetokana na viwanja ambavyo wachezaji huendesha vigari. Ninyi mnatembea. Mna mteremko kati ya grini ya 5 na tii ya 6, mna kibanda cha sambusa na soseji baada ya shimo la 9. Msiukubali muda huo bila kuupima. Lakini pia msichukue wastani wa Jumamosi zenu za sasa mkaufanya lengo, maana mtakuwa mmeihalalisha foleni. Chukua siku tulivu, Jumanne au Jumatano, chagua makundi ya wanne yaliyotembea bila kusubiri mtu, na hao ndio wawe kipimo. Kibanda kipe muda wake wazi, tuseme dakika 7, kilichoandikwa kwenye kadi ya alama. Mtu akijua anazo 7 atakunywa chai ndani ya 7. Asipojua, ataagiza mayai.

Kuhusu nani akae na kifaa. Kuna mifumo ya bei nafuu inayotumia simu ya mchezaji mwenyewe. Kwa Jumamosi yenu siishauri. Simu moja itazimika shimo la 13, nyingine mwenyewe amezima GPS, ya tatu imeachwa garini kwa adabu ya mchezo. Ukikosa makundi machache kwenye skrini, mapengo yote uliyoyasoma yanakuwa ya uongo. Kifaa cha klabu, kimoja kwa kila kundi, kitoke ofisi ya mkuu wa makedi asubuhi pamoja na vitambulisho vya mifuko, kifungwe kwenye mfuko mmoja, na kirudi pale pale jioni. Mtu mmoja awe na jukumu la kuvichaji usiku, kwa jina, si "ofisi". Mradi wa namna hii hufa zaidi kwa betri kuliko unavyokufa kwa siasa.

Kedi akibeba kifaa, kisigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia pendekezo la kukata malipo ya kedi wa kundi lililochelewa. Kedi hana mamlaka ya kumwambia mwenyekiti wa kampuni aharakishe, na chai yake inategemea mwenyekiti huyo atabasamu mwishoni mwa raundi. Ukimbebesha adhabu ya polepole ya mtu mwingine, Jumamosi ya tatu kifaa kitaanza "kupotea" na "kulowa". Mpe badala yake kazi anayoiweza: kutangulia mpira, kutoa masafa kabla ya kuulizwa, kuweka mifuko upande wa grini unaoelekea tii inayofuata. Hilo la mwisho peke yake linaokoa sekunde nyingi kuliko hotuba yoyote.

Usahihi wa GPS chini ya anga wazi ni kama mita 5, na chini ya miti mirefu hushuka. Viwanja vya Nairobi vina miti mingi na mashimo yanayokimbia sambamba, kwa hiyo muulize muuzaji programu yake inafanya nini mpira wa shimo la 4 ukienda upande wa shimo la 12 na kedi akaufuata na mfuko. Mfumo mzuri unajua kwamba kundi lililotoka la 3 haliwezi kuwa la 12 dakika sita baadaye. Mbaya utalipaka rangi ya ajabu na kumtuma mashali mahali pasipo na mtu.

Sheria pia ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mahali alipo mtu anayejulikana kwa jina ni data yake binafsi. Njia nyepesi ni kurekodi kundi kwa saa ya kuanza na si kwa majina, kuwaambia wanachama kwa maandishi mnakusanya nini na kwa nini, na kuamua mapema rekodi zitafutwa lini. Ikiwa kamati inataka majina ili kujua makundi yanayochelewa mara kwa mara, sawa, lakini hilo liamuliwe waziwazi kikaoni na lisifanywe kimyakimya na ofisi. Mkikimbizana na wakili mmoja mwanachama, na kila klabu anao, mtajuta.

Sasa wazee. Umeniuliza muwaambie nini. Waambieni kwanza kwamba klabu imebadilisha nafasi za kuanza kwa sababu ilikuwa inawasubirisha. Ni kweli, na huondoa lawama mabegani mwao. Kifaa kije baada ya hapo, kikiwa chombo cha kuthibitisha kwamba mpango mpya unafanya kazi. Miezi mitatu ya mwanzo asiadhibiwe mtu yeyote. Mkikianzisha pamoja na orodha ya majina ya "wazembe" kwenye ubao wa matangazo, mmekimaliza.

Mashali afundishwe kuzungumza. Asifike na tableti mbele kama polisi wa trafiki. Afike na mikono mitupu, asalimie, aangalie kama kuna mpira unatafutwa na ausaidie kuutafuta, kisha aseme: "Mzee, waliotangulia wamekwisha kutoka kumi na moja. Naomba tuwakute kwenye tii ya kumi na mbili, nitawashikia bendera." Kisha ashike bendera kweli, akaparue mchanga wa banka, abebe fimbo iliyosahauliwa. Dakika kumi za msaada wa namna hiyo hulirudisha kundi mahali pake, na hakuna aliyeaibishwa mbele ya wageni wake. Programu itakuonyesha kama pengo lilipungua baada ya ziara yake; kama halikupungua, arudi tena shimo mbili baadaye.

Kuna jambo moja gumu zaidi ambalo rekodi za programu zitakulazimisha kulisema. Makundi ya kwanza ya asubuhi ndiyo yanayopanga kasi ya siku nzima. Kundi la saa 12:30 likicheza kwa saa tano, hakuna aliye nyuma yake anayeweza kucheza kwa saa nne, hata angekuwa anakimbia. Na katika klabu nyingi nafasi hizo za alfajiri ni za watu wale wale, miaka nenda miaka rudi, kwa heshima na mazoea. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na takwimu za nani anafungua uwanja kwa kasi gani. Nafasi nne za kwanza zitolewe kwa makundi yaliyoonyesha yanaweza kumaliza kwa muda wa klabu, na anayetaka kubaki nazo azilinde kwa mwendo wake. Nahodha wa klabu ndiye wa kulitangaza hilo. Usilibebe wewe, wewe ni mwajiriwa.

Kwenye kamati yako hakosi mtu atakayesema suluhisho ni kutoza mikwaju ya adhabu. Sheria 5.6 ya gofu inaruhusu kamati kuweka sera ya mwendo, inapendekeza mchezaji asizidi sekunde 40 kupiga mpira akishakuwa na nafasi, na inatoa adhabu kwa anayechelewesha mchezo bila sababu. Mwaka 2018 huko Austria yalifanyika mashindano ya kitaalamu yenye saa kwa kila mkwaju: sekunde 50 kwa anayeanza kupiga katika kundi, 40 kwa wengine, aliyezidisha anaongezewa mkwaju mmoja. Mikko Korhonen wa Finland alishinda. Ilikuwa burudani nzuri, lakini ilihitaji refa na saa kwa kila kundi, na ilitibu mchezaji mzito. Haitibu orodha ya kuanza iliyojaa kupita kiasi. Kwa wanachama wa Jumamosi, adhabu inayoeleweka ni kupewa saa ya kuanza ya mchana. Sera ya mikwaju ibaki kwa mashindano ya klabu yenye refa.

Siku za wadhamini ni habari nyingine. Mdhamini anataka wageni wake wote waanze pamoja kwa king'ora na wale pamoja, kwa hiyo mnaweka makundi mawili kwenye kila shimo, 36, na foleni inazaliwa dakika ya kwanza. Makundi ya ziada yawekwe kwenye par 5 kwanza, halafu par 4 ndefu. Kwenye par 3 liwe moja tu, na ikibidi mkatae wageni wa mwisho. Wacheze kwa Stableford, mtindo wa kukusanya pointi shimo kwa shimo, na atakayeona hana pointi tena kwenye shimo aokote mpira wake. Siku hizo programu haitawaharakisha sana, ila itampa mpishi saa ya kweli ya kupakua chakula, na hilo nalo ni kitu.

Muuzaji akija tena, mwombe afunge mfumo kwa Jumamosi mbili halisi, mojawapo ya mdhamini, bila mkataba. Mkataba useme data ni mali ya klabu na inaweza kutolewa kama jedwali la kawaida mkiachana. Mwulize laini za simu kwenye vifaa analipa nani, kifaa kikiharibika kinabadilishwa kwa siku ngapi, na nani anachora upya mipaka mkihamisha tii. Akitaja dakika ambazo raundi itapungua kabla hajauliza mnaanzisha kundi kila baada ya dakika ngapi, huyo anauza vifaa tu.

Kabla ya yote hayo, Jumamosi hii fanya kipimo cha karatasi. Mweke mtu mmoja kwenye tii ya 1, mmoja grini ya 3, mmoja grini ya 9 na mmoja grini ya 18. Kila mmoja aandike saa ambayo kila kundi linaondoka mbele yake, basi. Usimwambie mwanachama yeyote sababu. Rudia Jumamosi inayofuata kwa nafasi za dakika 10 na kibao cha kupungiana mkono kwenye shimo la 3. Niandikie ukiwa na karatasi hizo nane, na tutajua kama mnahitaji vifaa kwa makundi yote au vichache vya kuzungusha.